Rudolf Diesel: Mvumbuzi aliyetaka injini ya mtu mdogo

KATIKA ukanda wa Pwani, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo na kuendelea Saadani, kuna jina la mtu ambalo hutajwa kila siku na watu wengi wasiojua kuwa ni jina la mtu. Hulitaja mwenye mashine ya kusaga, mkulima anayevuta maji ya Mto Ruvu kwa pampu, nahodha wa jahazi lenye injini na dereva wa lori la mananasi ya Kiwangwa. Wote hununua dizeli. Diesel ni jina la ukoo la mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel, aliyezaliwa Machi 18, 1858 na kufariki dunia mwaka 1913.

Maisha ya mtu huyu yana somo kwa kila aliyeweka mtaji wake kwenye injini. Alitaka fundi mdogo apate nguvu ya kushindana na kiwanda kikubwa. Nguvu hiyo ilimfikia mtu mdogo baada ya mvumbuzi mwenyewe kufa, lakini ilifika na sharti moja ambalo wengi hulipuuza hadi siku mashine inapozima: usafi wa mafuta.

Mtoto wa fundi ngozi

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, kwa wazazi wenye asili ya Bavaria, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi, na Rudolf alipokuwa mdogo alisukuma mkokoteni kupeleka bidhaa kwa wateja. Hivyo alifahamu mapema shida za karakana ndogo isiyo na mtaji.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Ujerumani. Familia ililazimika kuhamia London, Uingereza, na maisha yakawa magumu. Akiwa na umri wa miaka 12, Rudolf alipelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na ndugu ambao walimsomesha. Baadaye aliingia chuo cha ufundi mjini Munich, ambako alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kugandisha barafu. Alihitimu mwaka 1880 kwa alama za juu sana, kisha akarudi Paris kufanya kazi katika kiwanda cha barafu cha mwalimu wake.

Darasani kwa Linde alijifunza jambo ambalo hakulisahau. Mashine nyingi za mvuke za wakati ule zilipoteza zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za joto la makaa yaliyochomwa. Isitoshe, mashine hizo zilikuwa kubwa na ghali, kwa hiyo mwenye fedha nyingi ndiye aliyezimiliki. Fundi seremala au mfumaji alibaki na mikono yake. Diesel alianza kutafuta injini itakayokula mafuta kidogo na kumfaa mtu wa kawaida.

Moto bila cheche

Mwaka 1892 aliomba hati miliki ya uvumbuzi wake. Mwaka huo, Bagamoyo ilikuwa bado mji wa wapagazi. Mizigo kutoka bara iliingia mjini vichwani mwa watu, na majahazi yalisubiri upepo ili yavuke kwenda Zanzibar. Wajerumani walikuwa wamehamishia makao yao makuu ya utawala Dar es Salaam mwaka 1891.

Wazo la Diesel lilikuwa rahisi kulieleza lakini gumu kulitekeleza. Hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, hupata joto kali. Mafuta yakiingizwa humo kwa wakati wake, huwaka yenyewe bila cheche. Mtu yeyote aliyejaza upepo kwenye baiskeli ameona jinsi pampu inavyopata moto. Kanuni ni hiyo hiyo.

Majaribio yalianza mwaka 1893 katika kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya kampuni ya MAN. Katika jaribio la kwanza, kipimo kilichofungwa kwenye injini kilipasuka na nusura kimdhuru. Hakukata tamaa. Februari 1897 injini yake, ambayo nguvu zake hazikufika za farasi 20, ilipimwa rasmi na kuonekana kwamba iligeuza takriban asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna injini nyingine ya wakati ule iliyofikia kiwango hicho.

Utajiri na madeni

Wanunuzi wa haki ya kutengeneza injini hiyo walijitokeza kutoka nchi nyingi. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia nchini Marekani, alinunua haki ya nchi yake kwa mark milioni moja za Kijerumani. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel baadaye aliamini kwamba wakulima wa nchi za joto wangeweza kujizalishia mafuta ya kuendeshea injini zao.

Hata hivyo, mashine ziliuzwa kabla hazijakomaa. Injini za mwanzo zilisumbua wateja, na wahandisi walilazimika kuzifuata zilipo kuzirekebisha. Kiwanda kilichoanzishwa Augsburg kwa ajili ya injini hizo hakikudumu. Diesel mwenyewe aliugua kwa uchovu wa akili, akapoteza fedha katika kesi na katika biashara za ardhi na mafuta.

Usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa na madeni makubwa, alikuwa ndani ya meli Dresden akitoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikutwa kitupu. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliopoa maiti baharini, na mwanawe alivitambua vitu vilivyokutwa mwilini. Kama alijiua, aliteleza au aliuawa, halijathibitishwa hadi leo.

Udogo na sharti lake

Alipokufa, injini yake ilikuwa ya viwandani na melini. Mafuta yaliingizwa kwenye silinda kwa kupulizwa na hewa iliyobanwa, na mtambo wa kubana hewa hiyo ulikuwa mzigo mkubwa. Injini hiyo isingeweza kukaa kwenye kibanda cha kusagia wala shambani.

Mabadiliko yalikuja pampu iliposhika kazi ya kusukuma mafuta bila msaada wa hewa. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kuzalisha pampu za aina hiyo kwa wingi. Injini ikapungua ukubwa, ikaingia kwenye malori, matrekta na pampu za maji. Ndoto ya Diesel ikaanza kumfikia mtu mdogo.

Lakini vyuma vya ndani ya pampu hiyo hukaribiana kuliko unene wa unywele, na hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Punje ya mchanga isiyoonekana kwa macho huvikwaruza. Tone la maji huleta kutu na kuondoa ulaini. Ndiyo maana kati ya tangi na pampu huwekwa chujio, ambalo wengi huliita filta, na katika mashine nyingi pia kikombe cha kutenganisha maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini ya kikombe na kutolewa kwa koki.

Kwa Pwani jambo hili ni zito zaidi. Hewa ina unyevu mwingi, na tangi lililoachwa nusu usiku hukusanya matone ndani yake. Dizeli nyingi husafirishwa kwa madumu na mapipa, na pipa lililosimama mvuani wakati wa masika huvuta maji kupitia kifuniko kadiri linavyopoa. Mtumiaji makini hujaza tangi jioni, huhifadhi pipa chini ya paa likiwa limeinamishwa kidogo, huyaacha mafuta yatulie siku nzima kabla ya kuyavuta, na hayavuti ya chini kabisa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, hufungua koki ya kikombe hadi itoke dizeli tupu. Uchafu huo hukingwa kwenye chombo, haumwagwi shambani wala mtoni.

Dalili za tatizo hujieleza. Injini inayounguruma vizuri bila kazi lakini ikafifia inapopewa mzigo, mara nyingi chujio lake limeziba. Ikiwaka na kuzima mara tu baada ya chujio kubadilishwa, imeingiwa na upepo. Skrubu ya kutolea upepo hulegezwa na mafuta husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mapovu yaishe. Utelezi mweusi ndani ya chujio ni ishara kuwa maji yamekaa muda mrefu tangini na vijidudu vimeota. Hapo kubadili chujio pekee hakutoshi, tangi lazima lisafishwe. Chujio la karatasi halioshwi kwa petroli likarudishwa, kwa sababu karatasi huharibika na uchafu hupita.

Muda wa kubadilisha chujio huandikwa kwenye kitabu cha mashine kwa saa za kazi. Anayetumia mafuta ya mapipa hana budi kubadilisha mapema zaidi. Bei ya chujio ni ndogo mno ikilinganishwa na ya pampu, na siku pampu inapokufa mpunga hausubiri maji wala mteja wa unga hasubiri fundi atoke Dar es Salaam.

Rudolf Diesel alishuhudia injini nzuri zikiwaangusha wateja kwa sababu hazikuwa tayari kutoka kiwandani. Injini za leo hutoka kiwandani zikiwa tayari. Nyingi huangushwa na maji yaliyotuama kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekifungua.