Arnold Theiler: Daktari wa Mifugo Aliyejisahihisha kwa Kalamu

Mfugaji wa Afrika Mashariki anapotaja ndigana, hutofautisha ile kali na ile baridi. Ndigana kali humvimbisha ng'ombe tezi za chini ya sikio, ikampandisha homa na hatimaye kumkatisha pumzi. Ndigana baridi humpunguzia damu siku baada ya siku hadi akakonda na kudhoofika. Vimelea vya maradhi yote mawili vilipewa majina ya kisayansi na mtu mmoja, Arnold Theiler, raia wa Uswisi aliyefanya kazi yake Afrika Kusini akiwa na mkono mmoja tu.

Theiler alizaliwa mwaka 1867 katika kijiji cha Frick, akiwa mtoto wa mwalimu. Alisomea udaktari wa mifugo Bern na Zürich, na mwaka 1891 akahamia Transvaal. Mjini Pretoria kazi hiyo haikumpa riziki, akalazimika kuajiriwa katika shamba la Irene. Huko ndiko mashine ya shambani ilikomkata mkono wa kushoto. Kwa mtu ambaye ustadi wake ulikuwa wa kupasua wanyama, ajali hiyo ingetosha kumrejesha kwao. Hakurudi. Ndui ilipozuka katika eneo la machimbo ya dhahabu mwaka 1893, alitengeneza chanjo, na serikali ya Makaburu ikaanza kumtambua.

Mwaka 1896 sotoka ilifika kusini mwa bara ikiteketeza mifugo kila ilikopita. Theiler alitumwa Bulawayo kuichunguza. Baadaye, akishirikiana na Herbert Watkins-Pitchford kutoka Natal, alionyesha kwamba seramu ya ng'ombe aliyepona yaweza kumkinga mwingine. Katika Vita vya Makaburu alitumikia upande wa Makaburu; Waingereza waliposhinda, walimwacha aendelee na utafiti wake. Ikumbukwe kwamba serikali zote mbili zilikuwa za walowezi, na mifugo ya walowezi ndiyo iliyotangulizwa.

Vita vilikuwa vimemaliza mifugo, hivyo ng'ombe wakaagizwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Wakaja na maradhi mageni. Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa ameviona vimelea vidogo vya maradhi hayo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, lakini akavidhania kuwa hatua ya kimelea cha homa ya Texas, ambayo pia huenezwa na kupe. Theiler alitumia hoja sahili: ng'ombe aliyepona homa ya Texas hakuwa na kinga yoyote dhidi ya maradhi haya mapya. Basi ni maradhi mawili. Mwaka 1904 alikiita kimelea hicho Piroplasma parvum. Miaka mitatu baadaye wataalamu wengine walikihamishia katika jenasi mpya waliyoiita Theileria kwa heshima yake.

Hata hivyo, ubora wa maandishi yake hauonekani katika ushindi huo peke yake. Mwaka 1902 kimelea kingine, Trypanosoma theileri, kilikuwa kimepewa jina lake, naye akaamini kwamba ndicho kinacholeta ugonjwa ambao Makaburu waliuita galziekte, yaani ndigana baridi. Imani hiyo ilikuwa potofu. Mwaka 1910 Theiler mwenyewe alichapisha maelezo ya Anaplasma marginale na kumtaja huyo kuwa ndiye mhalifu, na hivyo kimelea chenye jina lake kikaondolewa lawama. Kisha alipata jamaa yake mpole, Anaplasma centrale, anayeambukiza bila kuua kwa kawaida. Hadi leo zipo nchi zinazomtumia kama chanjo.

Taarifa ya mwaka 1919 ilikuwa nzito zaidi. Farasi waliokingwa dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika kwa njia ya damu na seramu walikuwa wakifa majuma kadhaa baadaye, na mizoga ilipopasuliwa, maini yalikutwa yameharibika. Kinga hiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Angeweza kuficha, aliandika. Ugonjwa huo wa ini nao ukapewa jina lake, heshima ambayo wengi wasingeitamani, na mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliuhusisha na kirusi walichokigundua.

Maandishi mengi ya aina hiyo yalitoka katika ripoti za Onderstepoort, kituo cha utafiti karibu na Pretoria kilichoanzishwa mwaka 1908 chini ya uongozi wake. Humo pia mna uchunguzi wa ng'ombe waliopooza na kufa baada ya kutafuna mifupa ya mizoga. Ilibainika kwamba udongo ulikosa fosforasi, wanyama wakaitafuta katika mifupa, nayo ilikuwa na sumu ya bakteria. Unga safi wa mifupa katika lishe uliwaepusha.

Mwaka 1920 alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha udaktari wa mifugo hapo. Alistaafu mwaka 1927 na kufariki mwaka 1936. Mwanawe Max alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa utafiti wa homa ya manjano. Bintiye Gertrud alibaki na kupe: alifanya kazi Onderstepoort, akiandika ni kupe gani anapatikana wapi barani Afrika.