Joseph Black na Hewa Iliyofungwa Ndani ya Jiwe

Nadhani wengi wenu mmeifanya ile kazi ya maabara ya kumwagia kipande cha marumaru asidi. Kinafoka, povu linapanda, gesi inapita kwenye mrija na kuingia katika maji ya chokaa, nayo yanageuka meupe kama maziwa. Tunaandika: chumvi, maji na kaboni dioksaidi. Basi, tunafunga daftari, huyoo uwanjani! Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka niliposoma habari za bwana huyu.

Joseph Black alizaliwa mwaka wa 1728 mjini Bordeaux, Ufaransa, ambako baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Alipelekwa shule Belfast, kisha Chuo Kikuu cha Glasgow. Huko mwalimu wake, William Cullen, alimtia hamu ya kemia na kumfanya msaidizi wake. Mwaka wa 1752 akahamia Edinburgh kumalizia masomo ya udaktari.

Siku hizo vijiwe vya kibofu viliwatesa watu sana, na dawa iliyosifiwa ni maji ya chokaa. Maprofesa wawili wa Edinburgh walikuwa wakivutana: eti chokaa bora ni ya makombe ya chaza au ya mawe? Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na Black alikuwa mwanafunzi tu. Akaiacha chokaa kwanza, akachagua unga mweupe ulioitwa magnesia alba, ambao sisi tunaujua kama magnesiamu kaboneti. Kusema kweli, hata mimi ningehepa.

Akauchoma unga ule. Ukawa mwepesi zaidi. Akautia asidi, wapi! Ukayeyuka, lakini haukufoka tena.

Sasa hebu fikiria. Wasomi wa wakati ule walishikilia kwamba jiwe la chokaa likichomwa huwa kali kwa sababu moto umeingia ndani yake. Kama kuna kitu kimeingia, mbona uzito unapungua? Black alipima kila kitu kwa mizani, kabla na baada. Maji aliyoyanasa wakati wa kuchoma yalikuwa machache mno kueleza upungufu ule. Kilichotoroka kilikuwa hewa, ile ile inayotoka kwa povu asidi inapokutana na kaboneti. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: aliirudisha. Aliuyeyusha unga uliochomwa katika asidi, akaongeza potashi ya kawaida, ambayo nayo ni kaboneti. Unga mweupe ukashuka chini, uzito wake ukiwa karibu sawa na wa kwanza, na ukitiwa asidi unafoka! Kumbe hewa ilikuwa imehama kutoka kwa potashi. Akaiita hewa iliyofungwa.

Hayo aliyaandika katika tasnifu yake ya mwaka wa 1754, akayachapisha kwa upana mwaka wa 1756, chokaa ikiwemo. Baadaye alionyesha kwamba hewa hiyo huzima mshumaa, na kwamba imo katika pumzi tunayotoa.

Na vijiwe je? Dawa hakupata. Magnesia haikuweza kutengeneza maji kama ya chokaa. Ilifaa tumbo lenye asidi nyingi tu, na wala hilo si dogo kwa mwenye kiungulia. Ukitaka kuona kinachotendeka tumboni, kamulia ndimu juu ya magadi ya jikoni.

Alifundisha Glasgow, ambako aligundua joto linalofichika barafu inapoyeyuka na akawa rafiki wa James Watt. Mwaka wa 1766 akarudi Edinburgh kuwa profesa. Wanafunzi walimjalia ukumbi, ila vitabu hakupenda kuchapisha. Masomo yake yalitolewa na rafiki yake John Robison mwaka wa 1803. Black alikuwa amekwisha kufariki Desemba 1799. Inasimuliwa kwamba alikata roho akiwa ameketi mezani, kikombe cha maziwa kimetulia magotini, bila kumwagika hata tone.