MWALIMU NYERERE: TABORA ALIKATAA KUSUSA, MONTREAL AKASUSA

Ukitaja Mwalimu na Tabora, wengi wanakumbuka shule tu. Ni kweli, mtoto huyu wa Butiama, aliyezaliwa 1922, alisoma Tabora Boys kuanzia 1937. Baada ya Makerere akarudi mji huu huu wa misafara ya zamani ya Bagamoyo mpaka Ujiji, akafundisha St. Mary's. Lakini kuna Tabora nyingine, ya Januari 1958.

TANU walikutana hapa kuamua kuhusu kura tatu. Mkoloni alitaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walikuwa na hasira, wanataka chama kisusie. Mwalimu akapinga. Ukisusa wenzio wala, na hapo wenzio walikuwa UTP. Hoja yake ikapita, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, TANU wakaingia kwenye uchaguzi na kufagia. Uhuru ukaja 9 Desemba 1961.

Sasa njoo 1976. Makaburu wametoka kuua watoto wa shule Soweto mwezi Juni, na timu ya raga ya New Zealand inakwenda kucheza kwao kama hakuna kitu. Afrika ikataka New Zealand itolewe Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ikakataa, ikasema raga si mchezo wake. Tanzania ikasusa, na nchi nyingine zaidi ya 20.

Aliyelipa ni Filbert Bayi, kijana wa miaka 23, mshika rekodi ya dunia ya mita 1500, aliyoiweka 1974 Christchurch kwa 3:32.2 mbele ya John Walker wa New Zealand. Montreal, dhahabu akabeba Walker.

Mwaka 1980 Marekani ikamtuma Muhammad Ali kuomba Afrika isusie Moscow. Mwalimu hakukubali hata kuonana naye. Tukaenda, Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta fedha mbili. Mpaka Paris 2024, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Alikuwa kigeugeu? Mimi naona hapana. Tabora, kususa kungempa adui ushindi. Montreal, kucheza ndiko kungempa kaburu heshima. Na 1977 Jumuiya ya Madola ilikubaliana kuitenga Afrika Kusini kimichezo, ikarudi Olimpiki 1992. Mwalimu aliyaona hayo kabla ya kufariki London, 14 Oktoba 1999.

Ila kitu kimoja kinanikera. Tabora, waliosusa au kukubali walikuwa wanasiasa, na bei walilipa wenyewe. Montreal waliamua wakubwa, miguu ilikuwa ya Bayi. Je, ilikuwa haki? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.