Abunuwasi wa Hadithi na Abunuwasi wa Kweli

Msomaji mpenzi, ni nani miongoni mwetu watu wa pwani ambaye hakulazwa kwa hadithi za Abunuwasi? Hapa Takaungu tulipokuwa wadogo, baada ya sala ya Isha na kibatari kikififia, bibi zetu walitusimulia habari za mtu aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akadai kuwa imezaa. Alipoiazima mara ya pili alileta tanzia kwamba sufuria imekufa. Na mwenye mali, kwa kuwa aliyakubali mazazi, akashindwa kuyakataa mauti. Tulisikia pia habari za masikini aliyeshtakiwa na tajiri kwa kula chakula chake kikavu akikitowelea harufu ya nyama ya tajiri, na jinsi Abunuwasi alivyohukumu kuwa mwenye harufu alipwe mlio wa fedha.

Tulicheka, tukalala. Hatukujua kuwa Abunuwasi alikuwa mtu kweli, mwenye baba na mama, na kaburi lake Baghdadi. Wala hatukujua kwamba katika nchi za Waarabu hakusifika kwa sufuria wala kwa hukumu. Alisifika kwa mashairi, na mashairi yaliyomtangaza zaidi ni yale ya kusifu mvinyo.

Nakumbuka siku niliyomwuliza maalim wetu chuoni kama Abunuwasi alipata kuishi duniani. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kuwa mtu huyo alikuwa hafidhi wa Kurani, akanirudisha kwenye ubao wangu. Nilipokua na kuweza kuisoma diwani yake mwenyewe, ndipo nilipofahamu kwa nini maalim alinyamaza, na kwa nini aliponijibu alichagua neno lile moja.

KUZALIWA NA KUSOMA

Jina lake hasa ni al-Hasan bin Hani al-Hakami. Alizaliwa Ahwaz, kusini-magharibi ya Uajemi, katikati ya karne ya 8, yaani karne ya 2 ya Hijra. Baba yake, Hani, alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya, aliyeuawa mwaka 750. Mama yake, Gulban, alikuwa Mwajemi aliyeishi kwa kazi ya mikono yake. Baba alifariki mtoto angali mdogo, na mama akahamia naye Basra.

Basra ya siku hizo ilikuwa bandari na mji wa elimu. Yatima huyu alitiwa chuoni, akaihifadhi Kurani yote. Alisoma hadithi za Mtume, akasoma nahau na lugha, na ili apate riziki alitumika kwa muuza manukato. Huko ndiko alikokutana na mshairi wa Kufa, Waliba bin al-Hubab, aliyekiona kipaji chake akamchukua awe mwanafunzi wake. Waliba alimfundisha ushairi, na alimfundisha pia anasa na ufuska. Mwalimu huweza kutoa vyote viwili kwa mkono mmoja.

Baada ya Waliba alikwenda kwa Khalaf al-Ahmar, bingwa wa mashairi ya kale. Yasimuliwa kwamba alipomwomba Khalaf ruhusa ya kutunga, aliamriwa kwanza ahifadhi maelfu ya beti za waliotangulia. Alipozihifadhi na kuzisoma zote mbele yake, aliamriwa azisahau. Alijitenga mpaka zikamtoka kichwani, na hapo ndipo alipopewa idhini. Washairi wetu vijana wangeipima amri hiyo, kwani wako wanaotaka kutunga kabla ya kuhifadhi, na wako waliohifadhi wasiweze tena kusema neno lao wenyewe.

Alikaa pia na mabedui jangwani kwa muda ili aichote lugha kwenye chemchemi yake. Ama lile jina la Abu Nuwas alilipata, kama wasemavyo wengi, kwa misongo ya nywele iliyokuwa ikining'inia mabegani mwake.

MASHAMBA YA MIZABIBU

Mji wa Baghdadi ulianzishwa mwaka 762, na Abunuwasi alipofika huko kutafuta walezi wa ushairi ulikuwa ndio kwanza unanawiri. Nje ya mji, upande wa kaskazini-magharibi, palikuwa na kijiji kilichoitwa Qutrabbul, chenye bustani na mashamba ya mizabibu. Huko, na katika vijiji vingine vya Iraki, walikaa watu wa dini nyingine, Wakristo, Mayahudi na Majusi, waliolima zabibu, wakakamua na kuuza mvinyo nyumbani kwao wenyewe. Sheria haikuwakataza wao kinywaji chao. Ilimkataza Muislamu aliyewabishia hodi.

Msomaji wa Takaungu hana haja ya kwenda Iraki ili aifahamu biashara ile. Na atoke mjini ashike njia ya bara kwa majirani zetu Wamijikenda. Atamwona mgema akipanda mnazi asubuhi na jioni na kotama yake, akikata ncha ya karara changa ili utomvu utone kibuyuni. Minazi ni ya ukoo, mtoto hujifunza kazi kwa baba, na mangwe ambako tembo huuzwa mara nyingi ni ua wa nyumba ya mtu. Qutrabbul ilikuwa vivyo hivyo. Mzee mwenye shamba, au mkewe, au bintiye, ndiye aliyempokea mteja na kumchotea.

Mashairi ya Abunuwasi yametuachia picha ya ziara hizo kuliko kitabu chochote cha tarehe. Yeye na marafiki zake huwasili usiku wa manane, hubisha mlango, na mwenye nyumba huamka kwa hofu asijue kama ni wateja au ni askari. Huuliza ni akina nani, wao humtuliza, na mlango hufunguliwa. Katika shairi moja mwenye nyumba ni Myahudi aitwaye Samaw'al, na mazungumzo ya kuulizana majina tu yanatosha kutuonyesha jinsi watu wa dini mbalimbali walivyoishi mlango kwa mlango katika dola ile. Kisha huja habari ya mitungi mikubwa iliyopakwa lami na kuzibwa kwa udongo, ambamo mvinyo umekaa miaka mingi gizani. Mtungi hutobolewa, na mshairi huusifu mwanga wake, harufu yake na umri wake. Mara nyingi huufanya mvinyo kuwa mwari, binti wa mzabibu, anayeposwa kwa babaye na kutolewa mahari.

Ni ustadi usiokanika. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra, alimhesabu miongoni mwa watu walioijua lugha ya Kiarabu kuliko wote. Abunuwasi ndiye aliyeichekesha ile desturi ya washairi wa kale ya kuanza kwa kulilia magofu ya kambi jangwani. Yeye alikuwa mtu wa mjini, akaona ni uongo kulilia hema asilopata kulala.

Lakini pana jambo linalotuhusu sisi zaidi ya ustadi. Zama hizo wanazuoni wa Kufa waliruhusu nabidhi, maji ya tende au zabibu kavu yaliyorowekwa, maadamu mnywaji hakufika kulewa. Wanazuoni wa Hijazi walikataa, na madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni hayo: kilevyacho kwa wingi ni haramu hata kidogo chake. Abunuwasi angeweza kujificha nyuma ya ruhusa ya Kufa, kama walivyofanya wengi wenye vyeo. Hakufanya hivyo. Alikiita kinywaji chake kwa jina lake, akakiri kuwa ni haramu na kuwa yeye ni mkosefu. Alikosa, na kukosa kwake hakukuwa kwa ujinga, maana aliyafahamu makatazo kama alivyoyafahamu maalim yeyote. Lakini hakuibadili sheria ili imfuate yeye. Pamoja na mvinyo alitunga pia mashairi ya mapenzi na mzaha ambayo mtu hawezi kuyasoma mbele ya wakwe, na hayo nayo hakuyafunika.

IKULU NA JELA

Hadithi zetu humweka Abunuwasi kila siku barazani kwa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hadi 809. Alfu Lela Ulela nayo humweka hapo hapo. Tarehe ni kali zaidi. Harun alimtia jela kwa ulimi wake. Waliomlea kwa mali ni Barmaki, ukoo wa mawaziri, na Harun alipouangusha ukoo huo mwaka 803 Abunuwasi aliwalilia kwa mashairi, jambo lililohitaji moyo, kisha akakimbilia Misri kwa al-Khasib, mkuu wa kodi za nchi ile. Alimsifu al-Khasib kwa kasida mashuhuri, lakini Baghdadi ilimvuta akarudi.

Rafiki yake wa kweli katika ikulu alikuwa al-Amin, mwana wa Harun, aliyeshika ukhalifa mwaka 809. Naye hakumnusuru daima. Ndugu yake al-Amin, yaani al-Ma'mun, alipoanza kushindania ufalme, watu wake walimshutumu khalifa kwa kukaa na mshairi mlevi, na khalifa akamfunga mshairi huyo huyo ili ajisafishe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mfalme akilaumiwa, humtosa aliyemburudisha jana.

Vita vya ndugu hao viliifikia Baghdadi yenyewe. Mji ulizingirwa zaidi ya mwaka, mitaa ikateketea, na al-Amin akauawa Septemba 813, mwaka 198 wa Hijra. Ile Baghdadi aliyoiimba Abunuwasi ilikwisha mbele ya macho yake.

MWISHO WAKE

Naye hakukaa sana baada ya hapo. Alifariki Baghdadi katika mwaka huo au katika miwili iliyofuata, akiwa na umri wa kati ya hamsini na sitini hivi. Kuna wasemao kuwa alifia jela, wengine kuwa alifia nyumba ya ulevi, wengine kuwa alitiliwa sumu, na wengine kuwa alifia katika nyumba ya ukoo wa wanazuoni. Alizikwa katika makaburi ya Shuniziya.

Miongoni mwa mashairi yake mna fungu la zuhdi, la kuipa dunia kisogo na kuomba msamaha. Humo hataji amali yoyote njema ya kumwombea. Husema kwamba dhambi zake ni kubwa na kwamba msamaha wa Mola wake ni mkubwa zaidi. Imesimuliwa katika vitabu vya waliotangulia kwamba rafiki mmoja alimwota baada ya kufa, akamwuliza amefanywaje, naye akajibu kuwa amesamehewa kwa beti zilizo chini ya mto wa kitanda chake. Rafiki alikwenda nyumbani kwake, akauinua mto, akaikuta karatasi. Ndoto si hukumu, na elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini Waislamu wa zamani waliipokea simulizi hiyo, wakaiandika, wala hawakuona haya.

Diwani yake ilikusanywa na wanazuoni wa karne ya 10, akiwemo Abu Bakr al-Suli. Baghdadi ina barabara kando ya mto Tigris yenye jina lake, na shimo moja katika sayari ya Utaridi limepewa jina lake mwaka 1976. Wapo pia waliomkasirikia baada ya karne kumi na mbili: mwezi wa Januari 2001, Wizara ya Utamaduni ya Misri iliamuru zichomwe nakala kama 6,000 za vitabu vya mashairi yake.

Sisi wa pwani hatukumchoma. Sisi tulimwosha. Tulimwondolea mvinyo, tukamvika hekima, tukamfanya mtetezi wa masikini mbele ya matajiri, na watoto wetu wakampenda. Sisemi tuache hadithi hizo. Mimi mwenyewe huwasimulia wajukuu. Ninalosema ni kwamba mtu yule hakuwa na haja ya kuoshwa na sisi.

Mgema wa Takaungu anajua kwamba tembo lina hali tatu. Likiteremshwa alfajiri ni tamu na halilevyi. Likikaa hadi jioni huwa kali, na hapo ni haramu kwetu. Likiachwa siku kadhaa huwa siki. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamefundisha kuwa ulevi ukigeuka siki wenyewe, bila kutiwa kitu, huwa tohara na huhalalika. Lakini ukitiwa kitu ili ugeuke, hubaki najisi. Abunuwasi alikuwa mtamu chuoni Basra, akawa mkali katika mashamba ya Qutrabbul, na mashairi yake ya mwisho yana uchachu wa siki. Kama aligeuka, basi aligeuka mwenyewe, kwa Kurani aliyoihifadhi akiwa mtoto yatima na ambayo mvinyo wote wa Iraki haukuweza kuifuta kifuani mwake.

Nadhani ndiyo maana maalim wangu, kati ya yote aliyoyajua juu ya mtu yule, aliniambia neno moja tu. Mungu amrehemu maalim, na amrehemu al-Hasan bin Hani, na sisi sote. Amin.