Kristian Birkeland (1867–1917)

Kristian Birkeland alizaliwa tarehe 13 Desemba 1867 nchini Norwei, katika mji wa Kristiania ambao leo huitwa Oslo. Alisoma fizikia, na mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 30 tu, alikuwa amekwisha kuwa profesa. Jambo lililomshughulisha ni aurora, yaani ile mianga ya kijani na nyekundu ichezayo angani usiku katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Sisi wa ikweta hatuioni, wala lugha yetu haikuwa na sababu ya kuipa jina. Ndiyo maana tumelipokea neno hilo kutoka nje.

Birkeland alishikilia kwamba chembe za umeme hutoka juani, na kwamba sumaku ya dunia huzivuta kuelekea kwenye ncha. Ili kulithibitisha dai hilo, mwaka 1899 alijenga vituo vya mawe juu ya vilele vya Haldde, kaskazini kabisa mwa Norwei, penye kimo cha mita 900 hivi, akakaa huko majira ya baridi pamoja na wasaidizi wake. Walitaka kupima aurora iko juu kiasi gani, wakashindwa kwa kuwa vilele hivyo vilikaribiana mno. Kisha msaidizi mmoja, Elisar Boye, akafunikwa na poromoko la theluji, akafa. Mtu mwingine angaliiacha kazi hiyo. (Mwalimu aangalie hapa kiambishi -ngali-: tendo halikutendeka, na wakati wake umekwisha kupita.)

Yeye alirudi mwaka 1902 na vituo vinne, vya Norwei, Aisilandi, Spitsbergen na Novaya Zemlya. Huko mwendo wa sindano za sumaku ulinakiliwa usiku na mchana. Alipozilinganisha kumbukumbu hizo aliona kwamba sindano zilikuwa zikitikisika ghafla kwa muda mfupi, aurora ikiwaka, kisha zikatulia. Akahitimisha kwamba mikondo ya umeme hushuka kutoka anga za mbali, hupita juu ya nchi za ncha, kisha hupanda tena. Katika maabara aliweka tufe lenye sumaku ndani ya chombo kilichotolewa hewa, akalielekezea miali ya elektroni, na pete za mwanga zikatokea kuzunguka ncha za tufe hilo.

Utafiti huo ulihitaji fedha nyingi. Alibuni mzinga wa umeme, nao ukaharibika mwaka 1903 mbele ya wageni waalikwa, ukitoa cheche na kishindo. Hata hivyo, cheche za namna hiyo ndizo alizozitumia pamoja na mhandisi Sam Eyde kupata mbolea kutoka katika nitrojeni ya hewani, na kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa mwaka 1905.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Aliishi Misri, akawa hapati usingizi bila dawa, na tarehe 15 Juni 1917 alikutwa amekufa hotelini mjini Tokyo. Baada ya hapo Sydney Chapman, mtaalamu Mwingereza aliyesikilizwa kuliko wengine, alifundisha kwamba mikondo hiyo haitoki nje ya angahewa, na wengi wakamfuata.

Katika miaka ya 1950 vyombo vya kupokea mawimbi ya redio kutoka angani vilionyesha kwamba, wakati wa misukosuko ileile, elektroni hupenya hadi chini ya kilomita 100, na hewa iliyochajiwa hapo huyameza mawimbi ya redio. Katika miaka ya 1960 setilaiti zikapita juu ya ncha na kuikuta mikondo ikishuka na kupanda kama alivyosema. Leo huitwa mikondo ya Birkeland, na mwaka 1994 Norwei ilichapisha sura yake kwenye noti ya krona 200.