Tom Morris: Fundi aliyegombana na bosi wake kwa sababu ya mpira wa bei rahisi

UKIUTAJA mchezo wa gofu, wengi hufikiria mabwana wenye magari makubwa. Lakini jina ambalo wachezaji wa gofu duniani wanalitaja kwa heshima kubwa ni la mtoto wa mfumaji nguo, aliyeendesha maisha yake kwa tupa, randa na chungu cha gundi.

Huyo ni Tom Morris, aliyezaliwa Juni 16, 1821 katika mji wa St Andrews, Uskoti. Alipokuwa kijana wa miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa Allan Robertson, mchezaji hodari wa wakati ule aliyekuwa na karakana ya kutengeneza mipira. Alikaa miaka minne akiwa mwanagenzi, kisha akaendelea hapo hapo kama fundi wa kulipwa.

Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi. Manyoya ya bata bukini, kiasi cha kujaza kofia ndefu nzima, yalichemshwa na kushindiliwa kwa chuma kupitia tundu dogo. Ngozi ilipokauka ilisinyaa na manyoya yakatanuka, mpira ukawa mgumu ajabu. Fundi hodari alimaliza mipira mitatu au minne kwa siku, na vumbi la manyoya lilimwingia kifuani. Kwa hiyo bei ilikuwa kubwa, na mpira ukilowa mvua au ukifumuka mshono, hasara ni ya mchezaji.

Mwaka 1848 hivi ikaja gutapecha, utomvu wa mti unaotoka misitu ya Malaya. Ukiutia katika maji ya moto unalainika, unaufinyanga kwa viganja, ukipoa unakuwa mgumu. Mpira ukibonyea, unaupasha moto na kuuviringisha upya. Hata mtu asiye fundi angeweza kufanya hivyo jikoni kwake.

Robertson aliona kitumbua chake kimetiwa mchanga. Inasimuliwa kuwa alinunua mipira hiyo mipya kwa vijana walioiokota uwanjani na kuichoma moto, na kwamba aliwakataza watu wake kuichezea. Siku moja Tom aliishiwa mipira katikati ya mchezo, akaazima mmoja wa gutapecha. Habari zilimfikia bosi, maneno yakawa makali, na Tom akaondoka kwenda kuanza kazi yake mwenyewe. Kwa mtu aliyelelewa katika karakana ile tangu utotoni, haikuwa hatua nyepesi.

Robertson mwenyewe baadaye alisalimu amri, akatengeneza mipira hiyo hiyo.

Kazi mpya ya fimbo

Mpira wa bei nafuu ulileta wachezaji wengi zaidi. Tena ulikuwa mgumu, hivyo vichwa vyembamba vya fimbo za zamani vilipasuka na mipini ikavunjika. Biashara ya manyoya ilikufa, lakini fundi wa fimbo akapata kazi.

Fimbo za wakati huo zilikuwa za mbao. Kichwa kilichongwa kwa mti mgumu, mara nyingi wa jamii ya mpea au mtofaa, na mpini ukawa wa hikori kutoka Marekani, mti unaopinda bila kukatika ovyo. Kichwa na mpini vilikatwa mshazari, vikalazwa pamoja kwa gundi ya moto, kisha vikazungushiwa uzi uliopakwa lami. Hapakuwa na msumari katika kiungo hicho. Mpini ukivunjika, fundi alifungua uzi, akapasha gundi mpaka ikaachia, akatoa kipande kibovu na kulaza kingine. Kichwa cha zamani kilirudi kazini.

Kubadili fimbo imfae mwenyewe nako kulikuwa kazi ya kawaida. Nyuma ya kichwa palitobolewa na kumiminwa risasi iliyoyeyushwa ili kuongeza uzito. Ukingo wa chini uliwekewa kipande cha pembe ya kondoo dume usiliwe na ardhi. Uso uliopasuka ulichimbwa kidogo na kuwekwa kiraka cha ngozi. Mpini ulikwanguliwa taratibu mpaka mteja aseme umekaa mkononi. Anayenunua mpini wa jembe anaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Mwaka 1851 Tom aliitwa Prestwick, magharibi mwa Uskoti, kutunza uwanja mpya. Huko, kama inavyosimuliwa, toroli la mchanga lilimwagika juu ya nyasi, na baadaye mahali pale pakastawi kuliko kwingine. Kumwaga mchanga kukawa desturi yake, kwani maji hayatuami juu na nyasi huchipua upya kupitia tabaka hilo. Watunza viwanja bado wanafanya hivyo.

Mashindano ya kwanza ya wazi yalichezwa Prestwick mwaka 1860, wachezaji wakiwa wanane tu. Tom alikuwa wa pili, nyuma ya Willie Park kwa mipigo miwili. Alishinda 1861, 1862, 1864 na 1867, mara ya mwisho akiwa na miaka 46.

St Andrews walimrudisha kutunza uwanja wao kwa pauni 50 kwa mwaka. Mshahara huo peke yake haukutosha, hivyo alifungua duka karibu na shimo la mwisho, akiuza mipira na fimbo zilizopigwa mhuri wa jina lake, na kutengeneza zilizovunjika. Mchezaji aliyemaliza mzunguko na fimbo mbovu alikuwa na hatua chache tu za kwenda.

Mwanawe Tommy alimpita baba, akishinda mara nne mfululizo kati ya 1868 na 1872, mwaka 1871 mashindano yakiwa hayakuchezwa. Septemba 1875 mkewe Tommy alifariki akijifungua, na mtoto pia. Siku ya Krismasi mwaka huo huo Tommy akafa, akiwa na miaka 24.

Mzee Tom aliwazika watoto wake wote. Aliacha kazi ya uwanja mwaka 1903, na Mei 1908 alianguka kwenye ngazi za klabu moja mjini humo, akafariki akiwa na miaka 86. Shimo la 18 la uwanja wa zamani wa St Andrews lina jina lake.