Salaad Gabeyre: Waziri Aliyeuawa na Wenzake
Katika maofisa waliotwaa serikali ya Somalia tarehe 21 Oktoba 1969, siku sita baada ya Rais Abdirashid Ali Shermarke kuuawa, mimi humfikiria zaidi marehemu Salaad Gabeyre Kediye. Alisomea uaskari Urusi, akaingia katika Baraza Kuu la Mapinduzi, akapewa Wizara ya Ulinzi. Wizara yenye bunduki! Hapo, nadhani, ndipo Siad Barre alipoanza kumtilia shaka. Akahamishiwa wizara nyingine. Mei 1971 alikamatwa pamoja na Makamu wa Rais, Mohamed Ainanshe, wakashtakiwa kula njama ya kumwua Barre. Julai 1972 walipigwa risasi hadharani mjini Mogadishu, wao na ofisa mwenzao Abdulkadir Dheel. Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miaka mitatu.